Maswali ya barabarani: Umegonga swala usiku, ufanyeje?

Mbukwenyi! Nyasi za kando ya barabara zikishakauka, maswali yanayonifikia huwa ya aina moja: nimegonga mnyama, nifanyeje? Nimeendesha lori njia hizi miaka mingi. Kimya kinachoingia kwenye kabini baada ya kishindo kile nakijua, na najua jinsi mtu anavyoamua vibaya katika dakika zile.

*Nilikuwa natoka Kondoa na Fuso, saa tano usiku. Kabla ya kufika Chemba nikagonga swala. Alikuwa bado anahema, utingo akataka tumchinje haraka asiwe kibudu, tupakie. Mimi nikakataa, lakini moyo unaniuma: nyama ile imeoza bure. Kwani kungekuwa na kosa gani?* (Dereva, Dodoma)

Kosa lingekuwa kubwa, ndugu yangu, na lingeanza pale kisu kinapotoka alani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama wote wa porini ni mali ya umma, wako chini ya Rais kama mdhamini wetu sote. Nyama yake, ngozi, pembe, hata kwato, ni nyara za Serikali. Kukutwa nazo bila kibali ni jinai, na wala hawakuulizi ulimwua kwa mshale au kwa bampa.

Kugonga kwa bahati mbaya kunaelezeka. Alama za breki zipo barabarani, bampa imebonyea, manyoya yamenasa kwenye grili. Paja lililofichwa chini ya turubai halielezeki. Askari wa kizuizini hakukuona ukigonga. Anachokiona yeye ni nyama na kisu chenye damu. Kesi za nyara hupelekwa mahakamani kama uhujumu uchumi, na wapo watu waliohukumiwa miaka 20 jela. Utingo wako ni mtoto wa watu, ana mama anayemsubiri. Ulimwokoa usiku ule, hata kama alinuna hadi mnafika.

Kesho likitokea tena, fanya hivi. Toa gari barabarani, washa taa za dharura, weka pembetatu nyuma, mbali kiasi cha kumpa anayekuja nafasi ya kupunguza mwendo. Ukitumia matawi, yaondoe unapoondoka. Nimeona watu wengi wakiumia kwa matawi yaliyosahaulika kuliko kwa kilichoyaleta. Wakague uliowabeba. Piga picha za gari, za barabara na za mnyama alipolala. Kisha piga 112, au fika kituo cha polisi kilicho karibu. Mtandao ukikosekana, mtafute mtendaji wa kijiji; yeye anajua pa kumpata ofisa wanyamapori wa wilaya au askari wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, maana mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero hayako mbali na njia yako.

Na usiihesabu nyama ile kuwa hasara. Wenye umri wangu hatujasahau Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, mkoa wetu wa Dodoma ulivyoumia kuliko mikoa mingine yote. Ugonjwa ule hupita kwenye damu ya mnyama, wakati wa kuchinja na kuchuna. Swala aliyezubaa katikati ya lami, huwezi kujua alikuwa na nini.

*Mnyama akitokea ghafla mbele yangu, nimkwepe?* (Dereva wa Noah, Chamwino)

Usikate usukani. Shika breki kwa nguvu, usukani unyooke. Gari likitoka lami kwa kasi linapinduka, na hapo watakaozikwa ni abiria. Ukiwa kwenye mwendo wa 80 unakula mita 22 kila sekunde. Mpaka uone, ukanyage, gari lisimame, umekwisha kula mita 60 hivi, na taa za chini hazikuonyeshi zaidi ya hapo. Kwa hiyo usiku, penye vichaka, shuka hadi 50.

Jambo moja kuhusu digidigi, ambao vichaka vyetu vimejaa. Hukaa wawili wawili, dume na jike. Mwaka mmoja nilimpisha wa kwanza vizuri, nikaongeza mafuta, nikamgonga wa pili aliyekuwa anamfuata mwenzake. Nilishuka na tochi. Chini ya jicho digidigi ana doa jeusi, kama chozi lililokauka. Yule wa kwanza alikuwa amesimama ukingoni mwa kichaka, hakimbii. Tangu siku ile, nikimwona mmoja anavuka nasubiri.

*Nimegonga fisi na bodaboda, nikaanguka, goti limechubuka. Nyumbani wananiambia nisiseme popote, fisi wa usiku ana mwenyewe.* (Kijana wa Bahi)

Mwanangu, wazee wana yao na siwabezi, lakini goti lako lisisubiri. Fisi anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo dalili zikishaanza hauna tiba. Kama mate au meno yake yaligusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali leo hii, mwambie daktari wazi: nimegonga fisi. Atakuchoma chanjo akiona inahitajika. Pitia polisi wakupe PF3, ile fomu ya matibabu.

*Bima italipa?* (Mwalimu, Manyoni)

Bima ndogo hailipi gari lako. Bima kubwa kwa kawaida hulipa, ila usome mkataba. Usinyooshe bodi kabla mkaguzi hajaliona gari, na bila ripoti ya polisi usitarajie kitu.

*Basi letu la Arusha liligonga pundamilia karibu na Minjingu. Dereva hakusimama. Nilimwona mnyama kupitia dirishani akijaribu kuinuka. Mimi abiria ningefanya nini?* (Mama wa Kondoa)

Mama, pale ni ushoroba wa Kwakuchinja, wanyama wanavuka kati ya Tarangire na Manyara tangu kabla ya lami. Dereva alipaswa kusimama mahali salama na kutoa taarifa. Kuteremka kumsogelea mnyama kusingefaa: pundamilia aliyeumia ana teke la kuvunja mfupa, na akizungukwa na watu hofu peke yake inaweza kummaliza. Anayeweza kumtibu au kumpumzisha ni askari na daktari wa wanyama. Ili wamfikie wanahitaji kujua yuko wapi. Kando ya barabara kuna nguzo za kilomita. Soma namba ya nguzo inayofuata, tazama saa, piga 112 uwatajie vyote viwili, hata basi likiwa linaendelea na safari.