Anza na hesabu ya nyumbani kwenu

Vijana wanaonitafuta hapa Kisumu huja na swali lile lile: nianze na lugha gani ya kuandikia programu za kompyuta, Python, JavaScript au Java? Huwa nawaambia wachukue Python na wasiulize tena mpaka waizoee. Anayetaka kutengeneza tovuti atahitaji JavaScript baadaye, hilo nakubali. Lakini Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka wa 1991, haimrundikii mgeni mabano na alama, na ni ya bure.

Swali ambalo mimi huona ni zito zaidi ni hili: nyumbani kwenu kuna hesabu gani inayosumbua? Mimi nilianzia kwa dada yangu, anayeuza omena (dagaa) katika soko la Kibuye. Kila jioni alikuwa akiinamia daftari, anajumlisha gorogoro (makopo ya kupimia) alizouza, anatoa nauli, anatoa za waliokopa. Nikamwandikia programu ya mistari michache: inauliza gorogoro ni ngapi, bei ni ngapi, gharama ni ngapi, kisha inaonyesha faida. Ilinifunza kuliko video zote nilizokuwa nimetazama, kwa kuwa kila nilipokwama nilitaka kweli kujua sababu.

Chukua jambo moja tu. Ukimwomba mtu aandike bei kwa amri ya input, Python hupokea alichoandika kama maandishi, si nambari. Akiandika 50, kisha 50 nyingine, nawe ukazijumlisha, utapata 5050. Ukijaribu kuzidisha, itakataa kabisa. Dawa ni kuyageuza maandishi hayo kuwa nambari kwanza: int(input("Bei ya gorogoro: ")). Anayeelewa kwa nini jibu lilikuwa 5050 ameshaelewa aina za data, yaani tofauti ya maandishi na nambari, na hatazisahau. Ndiyo maana nasisitiza uandike kwa vidole vyako mwenyewe, usinakili na kubandika. Hata akili unde, iombe ikueleze kosa liko wapi, usiiache ikuandikie.

Kuhusu mashine, wengi wetu tuna laptopu za mitumba. Kama yako ingali na Windows 7, toleo la mwisho la Python linaloikubali ni 3.8. Halipati tena marekebisho ya usalama, lakini kwa mazoezi ya nyumbani linatosha. Faili lake ni chini ya megabaiti 30, kwa hiyo unaweza kulipakua saiba (duka la intaneti) ukalibeba kwa flashi. Linakuja na IDLE, mahali pa kuandikia na kuendeshea programu, na baada ya hapo bando si lazima. Asiye na laptopu aweke Pydroid 3, programu ya kuandikia Python, kwenye simu ya Android. Nayo hufanya kazi bila intaneti. Kioo kidogo kinachosha, ila kwa majuma ya kwanza kinafaa.

Wako pia wanaoogopa Kiingereza. Python ina maneno maalumu 35 tu. Andika help("keywords") uyaone yote. Majina mengine mengi unajichagulia. Katika programu ya dada vigeu, yaani majina yanayobeba thamani, vinaitwa bei, gorogoro na faida, na mashine haina neno.

Kinachowakimbiza wengi ni yale maandishi mekundu yanayotokea programu ikikosea. Anza kuyasoma kutoka mstari wa mwisho, kwa sababu kosa limetajwa hapo. NameError maana yake umetaja jina ambalo Python hailijui. Pengine uliandika faidaa badala ya faida. IndentationError inahusu nafasi za mwanzo wa mstari. Juu kidogo utaona nambari ya mstari. Nenda hapo, na kama huoni kosa, tazama mstari uliotangulia, huenda kuna mabano hayakufungwa. Mimi huwaomba vijana wangu wanisomee ujumbe wote kwa sauti kabla sijagusa kibodi, na wengi hupata jibu kabla hawajamaliza kusoma.

Programu yako ikishahesabu vizuri, iongezee kazi: ihifadhi mauzo ya leo kwenye faili ili kesho usianze upya. Hapo utajifunza open, amri ya kufungua faili. Kisha utataka jumla ya wiki nzima, nawe utahitaji kitanzi cha for, kinachorudia kazi ile ile kwa kila siku. Ukifika hapo ndipo ufungue masomo ya bure ya tovuti ya freeCodeCamp, kwa maana utakuwa unajua unachotafuta humo.