Sauti ikishuka, shusha ki

Wanakwaya wenzangu mliovuka hamsini na mnaofikiria kuaga kwaya, kabla hamjaamua, msikilizeni Mavis Staples.

Mama huyu wa Chicago, aliyezaliwa 1939, aliimba tangu utotoni na baba yake, Pops Staples, pamoja na ndugu zake. Walianza na nyimbo za injili, wakaimba kwenye harakati za Martin Luther King, kisha wakavuma katika muziki wa soul. Baba alipofariki mwaka 2000, wengi wangemwelewa kama angepumzika. Mwaka 2004 akatoa albamu mpya. Ile ya 2010, *You Are Not Alone*, ilimpa tuzo yake ya kwanza ya Grammy akiwa na miaka 71. Na 2025, akiwa na 86, ametoa nyingine.

Mimi humsikiliza zaidi katika wimbo uliobeba jina la albamu ile ya 2010. Gitaa linakwenda taratibu, naye anaingia kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, bila haraka. Hashindani na binti aliyekuwa zamani. Ninaupenda utulivu ule kuliko kelele zote za ujana.

Kwangu sauti ilianza kushuka nilipokoma hedhi, jambo linalowapata wanawake wengi ingawa kwaya zetu hazilizungumzii. Nilihama soprano, sauti ya juu, nikaenda alto, sauti ya chini ya wanawake, na huko nimepata raha ambayo sikuitarajia. Mwambie mpiga kinanda ashushe ki, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unapigwa, hata kutoka G hadi E, hakuna aibu. Pasha sauti moto polepole kwa kuvumisha mdomo ukiwa umefumba, tena kwa muda mrefu kuliko vijana. Pumzi ikikatika katikati ya mstari, vuta nyingine, waitikiaji watakushikilia.

Lakini ki peke yake haitoshi. Nyimbo za zamani zilitungwa kwa koo la zamani, na ukizing'ang'ania hizo tu utachoka. Wimbo ule wa Mavis alitungiwa na Jeff Tweedy wa bendi ya Wilco, mdogo kwake kwa miaka 28, aliyeitayarisha albamu yenyewe. Katika kwaya yako hakosi kijana anayetunga. Mwite baada ya mazoezi, mwimbie noti ya chini kabisa na ya juu kabisa unazozifikia bila kujikamua, azirekodi kwenye simu. Akutungie humo.