Maswali ya Wasomaji: Nikajifunze wapi kazi ya kutunza wanyama wa bustani?

*Shikamoo, mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Bayolojia na Kemia nilipata C, na Kiswahili na Jiografia nimefaulu pia. Tangu utotoni natamani kuwatunza wanyama katika bustani, yaani kuwalisha, kuwasafishia mabanda na kumjua kila mmoja kwa tabia yake. Wapo wanaoniambia niende Mweka, na wapo wanaosema kazi hiyo haina chuo. Nishike lipi?* — Kijana wa Nyegezi, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Waliokushauri wana sehemu ya ukweli, ila wamechanganya kazi mbili ambazo ni vizuri tuzitenganishe mapema. Mhifadhi hulinda eneo ambalo wanyama hujitafutia wenyewe. Mtunza wanyama wa bustani humhudumia mnyama asiyeweza kujitafutia chochote, kwa kuwa maji, chakula, kivuli, wenzi wa kuishi nao na hata shughuli za kumwondolea uchovu wa kukaa mahali pamoja vinatoka mkononi mwa mtu huyo. Mfano mnao hapo hapo Mwanza: kisiwa cha Saanane kilianza mwaka 1964 kikiwa bustani ya wanyama ya serikali, na tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Kisiwa ni kile kile, lakini kazi ya watu wake si ile ile.

Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 karibu na Moshi, hufundisha usimamizi wa wanyamapori, na kile cha Pasiansi, ambacho kipo mjini kwenu, huandaa askari wa wanyamapori. Vyote viwili ninaviheshimu, na ukitaka maisha ya porini usisite. Kwa mtu anayetaka kukaa na mnyama yule yule kila siku, hata hivyo, ningeshauri aanze na astashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo katika vyuo vya wakala wa mafunzo ya mifugo, LITA, ambavyo kimojawapo kiko Mabuki, wilayani Misungwi, si mbali na ulipo. Sharti la kawaida la kuingia ngazi hiyo ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na Bayolojia na Kemia ulizo nazo zitakubeba. Huko utafundishwa kumshika mnyama bila kumwumiza wala kuumizwa, kupima joto la mwili, kutambua dalili za minyoo, kupanga mlo na kutunza kumbukumbu za matibabu. Usidhani kwamba ng'ombe atakupotezea muda, kwa maana ng'ombe na twiga wote ni wacheuaji wenye tumbo la vyumba vinne, na aliyejifunza kusikiliza tumbo la mmoja hatashangazwa sana na la mwingine.

Baada ya chuo, au wakati wa mafunzo kwa vitendo, ndipo utafute mahali penye wanyama wenyewe, kwa sababu nusu kubwa ya kazi hii haimo vitabuni. Ng'ambo ya ziwa, Entebbe, kipo kituo cha elimu ya uhifadhi ambacho kilianza mwaka 1952 kwa kulea wanyama walioachwa yatima. Nairobi pana makao ya wanyama yatima tangu mwaka 1964. Na huko Ol Pejeta, hifadhi ya wanyamapori katika kaunti ya Laikipia nchini Kenya, sokwe waliookolewa wamekuwa wakitunzwa tangu mwaka 1993, wa kwanza wakiwa wametolewa Burundi wakati wa vita. Unapoandika barua ya kuomba nafasi, usiishie kusema kwamba unapenda wanyama, maana kila mwombaji husema hivyo. Eleza umewahi kuwatunza wanyama gani, kwa muda gani, na ulifanya nini mmoja alipougua.

Naomba unielewe vizuri kuhusu kazi yenyewe. Asubuhi, kabla ya kugusa kufuli lolote, mtunzaji husimama nje ya banda akahesabu wanyama na kumtazama kila mmoja anavyosimama, anavyopumua na anavyomwangalia. Banda la mnyama hatari lina milango miwili, na wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza uwe umefungwa na kuvutwa kwa mkono kuhakikisha kwamba komeo limeingia. Kisha huja ufagio, maji na dawa ya kuulia vijidudu, na hapo ndipo wengi hudhani kwamba kazi ni kuzoa uchafu tu. Kinyesi kinasomwa, mwanangu. Ugumu wake, rangi yake, nafaka ambazo hazikumeng'enywa, kamasi, au kukosekana kwake kabisa, vyote huingia katika daftari la zamu, pamoja na uzito wa chakula kilichotolewa na uzito wa kilichobaki.

Nasema haya kwa uchungu. Katika kituo kimoja nilikojifunza nikiwa kijana, funo mmoja jike, yaani paa mdogo wa msituni, alianza kubakiza majani yake. Niliona siku ya kwanza, nikaona na siku ya pili, lakini sikuandika, kwa kuwa nilidhani joto limemchosha. Mwenzangu wa zamu ya jioni hakuwa na namna ya kujua, na daktari alipoitwa siku ya nne hakukuwa na la kufanya. Wanyama wengi wanaowindwa huficha ugonjwa mpaka nguvu ziwaishie, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa, hivyo mtunzaji akisubiri dalili kubwa huwa amechelewa. Tangu siku ile siamini ustadi wa mtunzaji asiyeandika.

Lipo jambo jingine la kufurahisha ambalo vituo vizuri hulifundisha. Chui au sokwe anaweza kuzoezwa, kwa subira na kwa kipande cha chakula akipendacho, kuja mwenyewe kwenye wavu na kuuegemeza ubavu ili achomwe sindano au atolewe damu, pasipo kupigwa mshale wa usingizi. Mazoezi hayo huchukua wiki nyingi za dakika chache chache, na mnyama ana hiari ya kuondoka wakati wowote. Ukipata nafasi ya kusimama pembeni na kuyatazama, ichukue hata kama siku hiyo ni ya mapumziko yako.

*Mheshimiwa mhariri, binti yangu amesema atasomea kazi hiyo ya bustani za wanyama. Mimi ninaogopa magonjwa na hatari, na ndugu wanasema ni kazi ya wanaume.* — Mama wa Tanga

Mama yangu, hofu yako ina msingi na sitaipuuza. Yapo magonjwa yanayotoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, kama kichaa cha mbwa na kifua kikuu, na kwa upande wa sokwe yapo pia yanayotoka kwa mtu kwenda kwa mnyama, ndiyo maana mtunzaji mwenye mafua hakaribii mabanda yao. Muulize binti yako mambo manne kuhusu mahali anapokwenda: je, wafanyakazi huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na pepopunda? Mnyama mgeni hutengwa kwanza? Banda la mnyama hatari huingiwa na mtu peke yake? Yupo daktari wa wanyama wa kudumu? Majibu yakikosekana, atafute kwingine. Kuhusu jinsia, anayehitajika ni mtu mtulivu, mwenye macho makali na anayefuata taratibu hata akiwa amechoka, na wanawake wa namna hiyo wanaifanya kazi hii vizuri.

*Naishi Leipzig na ninazungumza Kijerumani cha kutosha. Je, naweza kujifunzia kazi hii huku?* — Msomaji, Ujerumani

Ndiyo, dada, na uko katika nchi ambako kazi hii ina mafunzo yake rasmi ya ufundi. Jina lake ni Tierpfleger, na mkondo wa bustani za wanyama ni mmoja wa mitatu, mingine ikiwa ya maabara na kliniki, na ya nyumba za kulelea wanyama. Mafunzo ni ya miaka mitatu. Mwanafunzi hufunga mkataba na bustani yenyewe, hulipwa posho kila mwezi, huzungushwa katika idara mbalimbali kuanzia wanyama wanyonyeshao hadi ndege na wa majini, na wakati huo huo huhudhuria shule ya ufundi. Katikati kuna mtihani, na mwishoni kuna mwingine ambao ndio unaompa cheti.

Ugumu uko kwenye nafasi, kwa kuwa ni chache na waombaji ni wengi. Bustani nyingi hupenda mtu aliyekwisha kufanya kazi ya majaribio ya wiki chache, kwa hiyo anza na hiyo, tena wakati wa baridi, ili wakuone ukibeba nyasi kavu alfajiri kwenye barafu. Mafunzo kwa kawaida huanza Agosti au Septemba, na maombi hupelekwa mapema sana, mara nyingi karibu mwaka mzima kabla. Ukiusoma ushauri huu kabla ya Septemba, andika barua wiki hii.