Kula mboga za majani kila siku: kinachotushinda ni kuchambua

Mkuu, umesema umehamishiwa Dodoma kikazi, ofisi iko Mtumba, umepanga Nkuhungu na familia pamoja na mzee wako mwenye presha. Mboga za majani mnakula kwa nadra, kila mwezi mnaapa kubadilika, wiki ya pili mmesharudi kwenye chipsi mayai. Ukauliza wenzako tumezoeaje, tena kwenye mji mkavu kama huu. Mimi nimeishi hapa miaka mingi na nyumbani kwangu mboga hazikosekani mezani, kwa hiyo ngoja nikujibu kwa kirefu.

Kwanza hili la ukavu lisikukatishe tamaa. Ni kweli mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, zikishakatika ni vumbi tu. Lakini sokoni mboga zipo mwaka mzima. Nenda Majengo asubuhi, au Soko la Job Ndugai pale Nzuguni, utakuta nyanya zimeshuka kutoka Ilula kule Iringa, kabichi za nyanda za juu, na mchicha, chainizi na matembele ya hapahapa yanayomwagiliwa kwa maji ya visima. Na hata usipokwenda sokoni, mama wa beseni anapita mtaani kwako.

Kinachozishinda nyumba nyingi, kwa nilivyoona, ni kuchambua. Hebu fikiria: umetoka Mtumba, daladala imejaa, unafika nyumbani giza limeshaingia, watoto wana njaa. Mezani kuna fungu la matembele lenye mchanga. Kuchambua, kuosha maji mara tatu, kukata, kupika. Nani ataanza kazi hiyo saa hiyo? Mtu anachukua elfu mbili anatuma mtoto kwa muuza chipsi. Si uvivu, na mama watoto wako usimlaumu, naye kachoka kama wewe.

Kwa hiyo mboga ichambuliwe wakati ambao hakuna mwenye njaa. Kwangu ni Jumamosi jioni, mkeka uani, ungo katikati, watoto wote na mimi baba yao tumekaa. Jirani yetu, mama mmoja wa Kigogo, akituona anasogea: "Leteni hayo majani ya maboga huku, mikono yangu imekaa bure." Ndiye aliyewafundisha wanangu kuvunja ncha ya kikonyo na kuvuta uzi taratibu mpaka ile ngozi yenye vinyweleo itoke yote. Majani ya maboga yasipovuliwa uzi hukwaruza koo, na mtoto akikwaruzwa mara moja hayataki tena. Watoto wengi wanaosemwa hawapendi mboga wanakataa uzi na mchanga, hawajakataa mboga.

Ukishachambua usioshe kama hupiki siku hiyo, maji yanaozesha. Funga kwenye kitambaa safi chenye unyevu kidogo, weka kwenye friji au penye kivuli na upepo. Halafu kuleni kwa mpangilio: mchicha na chainizi kwanza kwa sababu hazisubiri, katikati ya wiki bamia, bilinganya na nyanya chungu, mwisho kabichi na karoti. Mboga ya kuoza pipani haitakuwepo. Katikati ya wiki ukimpata mama wa beseni, nunua fungu moja tu la kupika jioni hiyohiyo.

Upishi nao. Tafadhali acheni kuchemsha mchicha kisha kumwaga maji. Vitamini C inayeyuka kwenye maji na haivumilii moto wa muda mrefu. Osha majani yakiwa mazima, ndipo ukate. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani, geuza, dakika chache tu, ipua yakiwa bado na rangi yake. Mafuta kidogo ya alizeti au karanga za kusaga yasikosekane, maana mwili unahitaji mafuta ili kufyonza kile kirutubisho cha kwenye majani ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Ukikamulia ndimu mezani, madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage yanafyonzwa vizuri zaidi. Chai ya rangi isubiri, ukiinywa pamoja na chakula inapunguza hicho chuma.

Sasa mlenda, ile mboga ya majani yenye utelezi. Umekuja Dodoma, utaukuta kila kona na nakusihi uupe nafasi. Msimu wa mvua unachumwa mbichi, na mwingine unakaushwa na kutwangwa unga kwa ajili ya kiangazi. Ndivyo watu wa huku walivyovuka miezi mikavu tangu zamani. Unaiva haraka kuliko mboga yoyote ninayoijua. Kama utelezi unakusumbua, zidisha nyanya, kamulia ndimu, utapungua. Weka karanga, kula na ugali wa uwele au mtama. Mimi nakuambia hakuna mboga tamu kama hiyo baada ya siku ya jua.

Ila kwa mzee wako, magadi yaondoke jikoni. Watu wanayatia kwenye mlenda na kisamvu vilainike, lakini magadi ni sodiamu, sawa na kumzidishia chumvi, na tena yanaharibu vitamini. Vile vidonge vya supu pia vina chumvi nyingi. Kitunguu saumu, tangawizi na ndimu vinatosha kabisa kuleta ladha.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi na mihogo havihesabiwi humo. Msianze na hesabu hiyo. Anzeni na mboga kila chakula cha usiku, hata viganja viwili. Mchana kazini mwambie mama ntilie apunguze wali aongeze mboga, atakuelewa. Wengi wanakuwekea kijiko kimoja kwa sababu hakuna anayeomba zaidi. Kachumbari kula pale tu unapoamini maji yaliyooshea.

Ukiwa na nafasi uani, jaza viroba udongo na samadi iliyooza, panda mchicha na kunde. Mchicha unachumwa baada ya wiki tatu au nne hivi, na majani ya kunde unayachuma yanachipua tena. Maji ya kusuuzia mboga mwagia hapo.

Jambo moja kabla hamjabadilisha chakula cha mzee: angalieni dawa zake. Kama mbali na za presha anatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, muoneni daktari kwanza, kwa sababu mboga za majani ya kijani, hata zikipikwa, zina vitamini K nyingi na zikiongezwa ghafla zinapunguza nguvu ya dawa hiyo. Na kama figo zimeguswa, daktari aseme ni mboga zipi na kwa kiasi gani, kwa sababu mboga zina madini ya potasiamu ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa. Nyie wengine anzeni hata leo jioni.