Swali la lugha: Oksijeni inaondoa au inaondolewa?

Msomaji wa Ubungo, Dar es Salaam, anayefasiri mwongozo wa mafunzo kwa mafundi wa viwanda vya karatasi, ameniletea sentensi hii akitaka kujua kama ni sahihi: "Zoezi la uondoaji wa oksijeni wa lignini hufanyika kwenye palpu baada ya zoezi la upikaji." Anauliza pia kama aliache neno *palpu*, yaani nyuzi laini za mti zilizopikwa zikalainika na kuchanganyika na majimaji, au aandike *rojo*.

Swali la pili ni jepesi, nitalijibu mwishoni. La kwanza limenikera, na simlaumu muulizaji, ambaye amefanya jema kuuliza kabla ya kuchapa. Kinachonikera ni kwamba sentensi yake imekusanya mahali pamoja maradhi mawili ninayokutana nayo kila siku katika barua za ofisini, taarifa za habari na vitabu vya kiada: neno *zoezi* lisilo na kazi, na nomino zilizofungwa mkia kwa mkia hadi mtendaji na mtendwa hawajulikani.

Tulijue kwanza jambo lenyewe, maana hatuwezi kusahihisha sentensi ya ufundi bila kujua fundi anafanya nini. Mti umejengwa kwa nyuzi za selulosi zilizoshikizwa na lignini, ambayo ni yapata robo ya uzito wa mti mkavu. Vipande vya mti hupikwa katika kostiki soda, ile ile wanayoitumia watengeneza sabuni, pamoja na salfaidi ya sodiamu, kwa joto la karibu sentigredi 170. Lignini nyingi huyeyuka na kutoka katika majimaji meusi ya mapishi, na ile kidogo inayosalia ndiyo hasa inayolitia rojo rangi ya kaki, kama ya bahasha za ofisini. Ukiendelea kupika ili uimalize yote, selulosi nayo huanza kukatika, na karatasi itakayotoka hapo itakuwa dhaifu. Kwa hiyo rojo hutiwa alkali, likachanganywa na oksijeni ndani ya mnara wenye shinikizo, kwenye joto linalokaribia sentigredi 100, na kwa muda wa kama saa moja karibu nusu ya lignini iliyosalia huvunjika na kuyeyuka. Chumvi ya magnesiamu huongezwa ili selulosi isidhurike. Kiwanda cha kwanza kuifanya kazi hii kibiashara kilikuwa Enstra, Afrika Kusini, mwaka 1970.

Sasa, ndugu msomaji, irudie sentensi yako. "Uondoaji wa oksijeni": ni nini kilichoondolewa? Mtu yeyote aliyelelewa katika Kiswahili atajibu kwamba ni oksijeni, kwa sababu uondoaji wa taka ni kuondoa taka, na uondoaji wa vibanda ni kuondoa vibanda. Umemwambia fundi kinyume kabisa cha ulichokusudia. Wala usidhani kwamba akili yake itamwongoza kwenye maana sahihi, kwa sababu katika kiwanda hicho hicho, hatua chache kutoka kwenye mnara wa rojo, kuna mahali ambapo oksijeni huondolewa kwelikweli: maji yanayoingia kwenye boila hutolewa oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, ili isile chuma cha mabomba. Yaani "uondoaji wa oksijeni" ni maneno halali yenye maana yake halali, na maana hiyo ni ya watu wa boila. Fundi wa rojo akiyasoma maneno hayo hayo katika mwongozo wake, ataelewa nini? Na atakayekuja kumuuliza kwa nini valvu ya oksijeni ilifungwa wakati ilipaswa kufunguliwa, atamlaumu fundi au mfasiri?

Kosa limetokana na a-unganifu, yaani ile *-a* ya *wa*, *ya*, *la* na *cha*, kiungo kidogo tunachokibebesha mizigo isiyo yake. Ukisema "mauaji ya simba", hatujui kama simba ameua au ameuawa. Katika simulizi tutasubiri tuone, lakini katika mwongozo wa kiwanda hakuna nafasi ya kusubiri. Kisha ukaongeza "wa lignini" nyuma yake, ukidhani umefafanua, kumbe sasa uondoaji mmoja una *wa* mbili, na msomaji hajui ni oksijeni au ni lignini inayoondolewa.

Dawa iko ndani ya kitenzi, na hapa ndipo ninapoona uchungu, kwa kuwa lugha yetu imejaliwa vitenzi vyenye uwezo mkubwa nasi tunavitelekeza. Andika: "Rojo huondolewa lignini kwa oksijeni." Maneno matano, na kila kitu kiko mahali pake. Rojo ndilo linalofanyiwa, lignini ndiyo inayotoka, oksijeni ndiyo nyenzo. Ni muundo ule ule wa "mgonjwa aling'olewa jino", ambao mtoto wa shule ya msingi huutumia bila kufundishwa. Zingatia pia *kwa*. Kwa mwendesha mtambo oksijeni ni nyenzo, hivyo lignini huondolewa *kwa* oksijeni. Lakini ukishuka kueleza kemia yake, oksijeni yenyewe ndiyo inayotenda: "Oksijeni huishambulia lignini kwenye sehemu zake za fenoli," na hapo lignini itashambuliwa *na* oksijeni. Usiandike "oksijeni hutoa lignini", kwa maana *kutoa* kunaweza kueleweka kuwa ni kuzalisha. Ukihitaji kichwa cha sura, weka "Kuondoa lignini kwa oksijeni", kwa kuwa kitenzi-jina hakikulazimishi kutumia *wa*.

Sizikatai nomino zote za aina ya *uondoaji* na *upikaji*. *Uvuvi* na *upishi* zinataja kazi zinazojulikana, na tungepungukiwa bila hizo. Ninachokataa ni kuua kitenzi kizima, kukigeuza nomino, kisha kuazima kitenzi goigoi *kufanyika* kije kuibeba maiti.

*Zoezi* lina asili katika *kuzoea* na *kuzoeza*: ni jambo linalorudiwa ili mtu alimudu. Mwanafunzi ana mazoezi ya hesabu, mchezaji ana mazoezi ya jioni. Siku hizi kila tendo ni zoezi: zoezi la kuhesabu kura, zoezi la chanjo, hata zoezi la mazishi, kana kwamba wafiwa wanajifunza kuzika. "Zoezi la kuzoa taka limekamilika", wakati kilichotokea ni kwamba taka zimezolewa. Kwenye kipaza sauti cha mtaani nimeshachoka kulisahihisha, na msemaji anayetafuta pa kuvutia pumzi nitamsamehe. Katika mwongozo wa kemia silisamehi, kwa sababu msomaji makini ataliamini neno na kudhani kuna majaribio ya kujifunza yanayotangulia kazi halisi. Lifute mara zote mbili, na hakuna kitakachopungua: "Baada ya kupikwa, rojo huondolewa lignini kwa oksijeni."

Kuhusu *palpu*: mafundi wakiisema kiwandani, waache waiseme, ila wewe andika *rojo*. Kila aliyekula mchuzi rojo analijua, nalo linataja hasa hali ya kitu hicho, kizito chenye majimaji. Lipatanishe katika ngeli ya LI-YA: rojo limepikwa, rojo limeoshwa, rojo limeondolewa lignini.