Simiti kwenye makaburi ya kale: uwiano gani unafaa?

SWALI: Sisi ni kamati ya mtaa hapa kisiwani Mombasa. Makaburini mwetu hamzikwi mtu tena, na wazee wameridhia patangazwe kuwa eneo la kihistoria. Kabla ya siku ya uzinduzi, fundi anataka kubandua plasta inayomeguka, apige mpya, apake rangi nyeupe na kuchonga upya maandishi yaliyofifia. Anasema atatumia chokaa na kutia simiti kidogo tu ili ishike. Uwiano upi unafaa? Na kibali tunakipata wapi?

JIBU: Uwiano unaofaa ni sufuri.

La kibali ni jepesi, acha nilimalize kwanza. Kwa mujibu wa sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, anayetangaza ni Waziri, kupitia gazeti rasmi la serikali, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa. Anzieni Fort Jesus, maofisa wao wako pale. Kama kiwanja ni wakfu, Tume ya Wakfu nayo iambiwe mapema, msije mkazozana mbele ya wageni. Mahali pakishatangazwa, kubadilisha chochote bila idhini ni kosa. Fundi akihimiza kazi iishe kabla ya hapo, muulizeni haraka ni ya nini.

Sasa hiyo "simiti kidogo". Sijui ni nani aliyewafunza mafundi wetu maneno haya, maana kila mmoja anayo. Anaona chokaa inachelewa kukauka, anadhani ni dhaifu, basi anaisaidia. Simiti ya Portland, ndiyo hii ya dukani, ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824 tu. Mnara wa Mbaraki, hapo hapo Mombasa, ulikuwepo kabla yake: umesimama karne kadhaa, upepo wa bahari ukiupiga, kwa matumbawe na chokaa peke yake.

Jiwe la tumbawe lina matundu, linakunywa maji. Unyevu unapanda kutoka ardhini, nao pwani hii umebeba chumvi. Plasta ya chokaa inauachia utoke taratibu kwa nje. Mkiifunika kwa simiti, unyevu unakosa njia, chumvi inaganda nyuma ya plasta, inatanuka, na tumbawe linageuka unga. Simiti yenyewe pia huongeza chumvi. Kwa mwaka wa kwanza kaburi litapendeza, nanyi mtamsifu fundi. Baada ya masika kadhaa ligongeni kwa kifundo cha kidole: likilia uwazi, kazi imeshaharibika. Ile plasta ikianguka haianguki peke yake, huondoka na ngozi ya jiwe. Igeuzeni mtazame mgongoni, mara nyingine mtaona nakshi imeng'ang'ania humo. Hiyo hairudishwi. Rangi ya plastiki nayo hufunga unyevu vilevile; pakeni chokaa.

Na maandishi msiruhusu yachongwe. Tarakimu za Kiarabu za 2 na 3 (٢ na ٣) zinatofautiana kwa jino moja tu. Mkono ukiteleza kwenye nafasi ya makumi, marehemu kaongezewa au kapunguziwa miaka kumi. Kule Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, kuna kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, umeandikwa kwenye plasta. Kwenye plasta, si kwenye jiwe! Angepita fundi wenu na mwiko wake, leo pangekuwa na ukuta mweupe safi usiosema lolote. Brashi ya waya, siki, ndimu, maji ya betri, vyote marufuku, kwani tumbawe na chokaa huyeyuka kwa asidi. Pigeni picha asubuhi na mapema, au usiku kwa tochi iliyoshikwa ubavuni, herufi zitajitokeza zenyewe. Kila kaburi lipewe namba na picha kabla halijaguswa na mtu. Miti iliyoota juu msiing'oe, ikateni, mizizi ife humo humo.

Palipomeguka kweli, pazibwe kwa chokaa iliyolowekwa miezi kadhaa, na mchanga usio na chumvi. Mchanga wa ufuoni hapana. Tabaka nyembamba nyembamba, zifunikwe kwa magunia mabichi zisikaukie juani.

Ninayoyasema si ya makaburi peke yake. Misikiti ya zamani, kuta za Mji wa Kale, mabaraza ya nyumba za wazee wenu, vyote vinavikwa simiti na marumaru kwa jina la ukarabati, na kila anayejua kushika mwiko siku hizi anajiita mtaalamu wa turathi. Kabla ya kumlipa mtu amana, mwambieni awaonyeshe shimo anamoloweka chokaa yake na kazi aliyoimaliza zaidi ya miaka mitano iliyopita. Akiwaonyesha picha kwenye simu tu, muageni kwa heshima. Na uzinduzi uahirisheni.