Maswali yenu: kuzalisha aina mpya ya ua

Safu hii ni ya wanaotaka kuwa na ua ambalo halipo kwenye bustani ya mtu mwingine yeyote. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha.

Nilipanda mbegu za waridi langu jekundu. Miche imechanua pinki, mmoja mweupe kabisa. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Waridi la bustani ni chotara juu ya chotara, limebeba jeni za mababu wengi, na kila mbegu inazichanganya upya. Ndiyo maana wauza miche huzidisha aina zao kwa vipandikizi au kwa kubebesha. Ukitaka waridi lilelile, kata tawi. Ukitaka jipya, panda mbegu. Kazi umeshaianza, tatizo ni kwamba mama unamjua na baba humjui. Pengine nyuki ndiye aliyemleta, pengine ua lilijichavusha lenyewe.

Nataka kuchagua baba mwenyewe. Nafanyaje?

Hapa tukae kidogo. Tuendelee na waridi. Tafuta ua la mama lililokaribia kufunguka lakini bado limefumba. Ng'oa petali zote taratibu. Ndani utakuta duara la stameni (viungo vya kiume), kila moja na kichwa kidogo: hicho ndicho chavulio. Viondoe vyote kwa kibano kabla havijapasuka, la sivyo mama atajichavusha na hutajua. Katikati zitabaki stigma, ncha za kike zinazopokea chavua, zimesongamana kwenye kishada kidogo. Funika kwa kifuko cha karatasi. Usitumie nailoni, inatunza unyevu na kuozesha.

Upande wa baba, chuma ua linaloanza kufunguka, kata vile vichwa uvianike juu ya karatasi ndani ya nyumba, pasipo upepo. Kesho yake vitakuwa vimepasuka na kumwaga vumbi la njano. Stigma zikianza kunata, chovya ncha ya kidole kwenye chavua hiyo, zipake, funika tena. Siku inayofuata rudia.

Halafu lebo: jina la mama kwanza, alama ya mara, jina la baba, tarehe. Tumia penseli, maana wino hauvumilii jua na mvua. Watu wanadharau lebo, kisha msimu ujao wana miche mizuri isiyo na ukoo.

Tunda la waridi huchukua kama miezi minne kuiva. Mbegu zake nyingi haziamki bila baridi: zizungushie karatasi yenye unyevu na uziweke kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandisha, kwa wiki 6 hadi 10. Asiye na subira hiyo aanze na petunia au haibiskasi. Mbegu zake hazidai baridi. Ila ua la haibiskasi kwa kawaida hudumu siku moja tu, kwa hiyo lichavushe asubuhi.

Nachavusha kila mara, vitunda vinaanguka. Ni mikono yangu?

Huenda mikono haina kosa. Angalia kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Aina nyingi za hemerokalisi, ua la bustani linalofanana na yungiyungi, zina kromosomu 22, nyingine zina 44, na ukichanganya makundi hayo mawili mara nyingi hupati kitu. Kwenye mawaridi kuna yenye 14, 21 na 28. Yenye 21 mara nyingi ni magumba. Kabla hujakata tamaa, geuza: aliyekuwa mama awe baba.

Petunia ya petali nyingi ni mfano mzuri. Kike chake huwa kimeharibika, lakini chavua yake inafanya kazi. Ipake kwenye petunia ya kawaida, na kwa kuwa sifa ya petali nyingi huko ni tawala, baadhi ya watoto watairithi.

Na wazazi wakiwa spishi tofauti, jiandae kwa mtoto mzuri asiyezaa. Thomas Fairchild wa London, mwanzoni mwa karne ya 18, alichanganya karnesheni na ndugu yake *Dianthus barbatus*. Mche ulipatikana, ukachanua, haukutoa mbegu. Watu wakauita nyumbu, kama yule mtoto wa punda na farasi asiyezaa.

Naweza kupata waridi la buluu?

Kwa kuchavusha, hapana. Mawaridi hayana jeni ya kutengeneza delfinidini, rangi inayoyapa maua mengi ubuluu wake. Kampuni ya Suntory ya Japani ilipandikiza jeni kutoka ua la pansi, ikatangaza matokeo 2004 na kuanza kuuza maua hayo 2009. Hata hayo ukiyatazama ni zambarau hafifu. Anayekuuzia mtandaoni mbegu za waridi la buluu iliyokolea anakuuzia picha.

Tawi moja la bogenvilia yangu limetoa rangi tofauti na mengine.

Bahati yako! Hilo ni badiliko la jeni kwenye chipukizi, na aina nyingi za bogenvilia zilipatikana hivyo hivyo. Kata vipandikizi vya tawi hilo peke yake, vioteshe, uone kama rangi inabaki. Wakati mwingine hurudi ya zamani.

Nina miche mingi kutoka mchanganyo mmoja. Nachaguaje?

Kwa ukatili. Ua la kwanza lisikudanganye, mche mchanga huchanua kidogo na vibaya. Lakini mche wenye madoa kwenye majani tangu utotoni, ng'oa leo, hata ukiwa na rangi ya ajabu. Wengi wanashindwa hapa: wanatunza kila mtoto, wanakosa nafasi, na mzuri anadumaa katikati ya wabaya. Uliobaki zidisha kwa vipandikizi na uutazame misimu kadhaa. Waridi maarufu la Peace, la Francis Meilland wa Ufaransa, lilitokana na uchavushaji wa 1935 na likaitwa 3-35-40 tu kwa miaka. Jina la Peace lilitangazwa Marekani Aprili 1945.

Nikilipata ua langu, naweza kulipa jina na kuzuia wengine kuliuza?

Jina, ndiyo, ila lisiwe la Kilatini. Kanuni za majina ya mimea ya kupandwa zinakataa hilo kwa aina zilizopewa jina tangu 1959. Haki ya mzalishaji ni jambo lingine. Katika nchi zinazofuata mkataba wa UPOV wa 1991, ule wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, aina lazima iwe mpya, itofautiane na zinazojulikana, mimea yake ifanane, na isibadilike ikizidishwa. Ulinzi hudumu angalau miaka 20, au 25 kwa miti na mizabibu. Upya wenyewe una saa yake: ukishauza ndani ya nchi unapoombea haki, una mwaka mmoja wa kuwasilisha ombi. Basi majirani wakikusumbua mapema, wape maua ya kuweka kwenye chombo. Vipandikizi visubiri.